MASOMO YA MTANDAONI: NANI ATATUJIBU?

Ndugu msomaji, nikurudishe nyuma kidogo. Mwezi wa Machi mwaka wa 2020 shule zote nchini zilifungwa kwa sababu ya korona. Mimi nilikuwa darasa la tano. Masomo yalihamia redioni na kwenye runinga, na kwa kuwa nyumbani hatukuwa na runinga, kila asubuhi mimi na binamu yangu tulikaa karibu na redio ya nyanya, madaftari magotini. Mwalimu wa redioni alikuwa na sauti tamu ajabu. Aliuliza swali, akanyamaza kwa muda wa kuvuta pumzi mara mbili hivi, kisha akasema, "Vizuri sana!" Siku moja aliuliza wingi wa neno "ufa". Binamu yangu akapaza sauti, "Maufa!" Redio nayo ikajibu, "Vizuri sana!" Wakati huo huo nyanya akaita kuku wake kwa kelele, hata jibu lenyewe lilipotajwa hatukulisikia.

Binamu yangu aliishi na "maufa" yake mpaka Januari 2021 tuliporudi shuleni, mwalimu alipomzungushia duara jekundu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na huu wetu ulikuwa ufa kweli kweli.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu siku hizi kila mtu anasifu masomo ya mtandaoni. Ati ukiwa na rununu umepata chuo kikuu mfukoni. Mimi siyapingi. Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipewa hati yake Agosti 2023, na wengi wetu hapa wa shule ya kutwa, ambao karo ya kulala shuleni iliwashinda wazazi wetu, huenda tukasomea huko au mahali kama huko. Hiyo ndiyo sababu jambo hili linanikera usingizini: je, tukiingia humo, kuna mtu atakayetusikia tukisema "maufa"?

Dadangu alimaliza kidato cha nne mwaka wa 2022. Mama huuza nguo za mitumba, basi dada akaamua kusomea uhasibu mtandaoni katika chuo fulani ambacho sitakitaja. Usiku bando zikiwa rahisi ndipo alipokuwa akisoma, mimi nikimwangalia. Kila wiki mkufunzi aliweka swali moja la majadiliano, na kila mwanafunzi alitakiwa aandike jibu lake kisha awajibu wenzake wawili, la sivyo alama zinakatwa. Nilimwomba anionyeshe wanachojadili. Wallahi nilicheka. Mmoja ameandika aya aliyoinakili kitabuni, na chini yake wenzake arubaini na kitu wameandika, "Nakubaliana nawe, hoja nzuri." Hakuna aliyebisha wala kuuliza. Mkufunzi mwenyewe hakuonekana hata siku moja. Yale hayakuwa majadiliano, yalikuwa foleni ya kutia sahihi.

Halafu akaletewa matokeo ya kazi yake ya kwanza: 68. Basi, hapana neno lingine. Dada akaandika kuuliza zile 32 zimeenda wapi. Alingoja wiki tatu. Muhula ulipoisha akaacha, na pesa za mama zikaenda arijojo.

Watu wa mtaani walisema ni uvivu. Mimi nilikuwa chumba kimoja naye, najua hakuwa mvivu. Alikuwa mpweke.

Tena jambo hili si geni duniani. Mwaka wa 2011 walimu wawili huko Marekani, Sebastian Thrun na Peter Norvig, walifungua kozi yao ya Chuo Kikuu cha Stanford kuhusu akili ya kompyuta, wakaiweka mtandaoni bila malipo. Waliojiandikisha walizidi 160,000, waliofika mwisho walikuwa takriban 23,000. Kweli wengine walikuwa wanachungulia tu, na kitu cha bure hakimuumi mtu akikiacha. Lakini hebu fikiria darasa lenu la watu 58, mwisho wa muhula wabaki wanane. Mwalimu mkuu angeita mkutano wa wazazi siku hiyo hiyo.

Kwa upande mwingine, wako waliofundisha kwa mbali hata kabla ya mtandao, na wakafaulu. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilianza kufundisha mwaka wa 1971. Vitabu vilikuja kwa posta na vipindi vilipita kwenye runinga na redio, lakini mwanafunzi alipewa mkufunzi wake, mtu mwenye jina, aliyesahihisha kazi na kuirudisha ikiwa na maelezo. Barua ilichukua siku kadhaa, ila ilifika. Naye msomi Michael Moore aliandika mwaka wa 1989 kwamba mwanafunzi wa mbali huhitaji mazungumzo ya aina tatu: yeye na somo lake, yeye na mwalimu, na yeye na wanafunzi wenzake. Redio ya nyanya ilitupa la kwanza peke yake. Chuo cha kwanza cha dada kilijifanya kutoa yote matatu.

Nasema chuo cha kwanza kwa sababu sasa yuko katika cha pili. Humo kazi yake ya kwanza ilipata 61, chini ya ile ya zamani, lakini mkufunzi aliandika hivi: "Mali na madeni umeyapanga vizuri. Uchakavu wa mashine hukuutoa, ndiyo maana hesabu zako hazilingani. Rudia sehemu hiyo tu, unitumie Ijumaa." Ni sentensi tatu! Dada alizisoma kwa sauti, akamsomea mama ambaye hajui uchakavu wa mashine ni nini, kisha akakesha. Ijumaa akatuma. Ile 68 ilimfukuza shuleni na hii 61 ikamrudisha. Hebu walimu wetu mlitafakari hilo mnapotuandikia "Jitahidi" chini ya insha. Nijitahidi wapi, mwalimu?

Najua nitakavyojibiwa. Mwalimu wetu wa Kiswahili anafundisha mikondo minne, na kila mkondo una watoto karibu 60, hivyo insha moja tu ni vitabu kama 240. Mkufunzi wa mtandaoni huenda ana wengi kuliko hao. Atamjibu nani amwache nani? Swali hili ni zito, wala sitalikwepa. Nadhani jibu liko katika namna ya kuuliza.

Likizo ya Desemba iliyopita sisi wanachama wa chama hiki tulisoma Isimu Jamii kwa simu. Wiki ya kwanza tulitumiwa muhtasari wa kurasa kumi na mbili. Sote tukajibu, "Asante mwalimu, tumeelewa." Mimi pia niliandika nimeelewa, na Mungu ananiona, nilikuwa sijaufungua. Wiki ya pili mwalimu akabadilisha. Akatuuliza: makanga wa steji ya karibu na kwenu husema nini, na kwa nini husema hivyo? Lo! Simu ilikosa kutulia. Mmoja alileta "wawili wa haraka", na mwingine akauliza mbona kila mara ni wawili hata gari likiwa tupu. Msichana mmoja wa kidato cha pili, ambaye darasani hafungui kinywa, akaeleza kwamba babake ni dereva na kwamba lugha ile ina siri zake, abiria asijue polisi wako mbele. Tukabishana kama hiyo ni sajili au ni msimbo wa kundi dogo. Mwalimu hakumjibu kila mmoja. Aliingia mara mbili tu kwa ujumbe wa sauti, mara ya kwanza kusema nani amekaribia na nani amepotea, mara ya pili kutuuliza swali gumu zaidi. Sifa za sajili ya matatuni sitazisahau mpaka kaburini.

Kwa nini tuliongea? Kwanza, jibu halikuwa kitabuni, kwa hivyo hakuna aliyeweza kunakili. Pili, kila mtu alikuwa na kitu ambacho mwenzake hana. Na tatu, hili watu wengi hulisahau, swali lilikaa pale siku nne. Wengi wetu hatuna simu. Tunatumia ya mama, na simu ya mama huenda sokoni alfajiri na kurudi saa moja jioni. Yule anayepanga kipindi cha mtandaoni saa nne asubuhi, wote tuwe hewani, ametufungia mlango bila kujua. Lakini swali likingoja, hata mimi wa saa moja jioni nahesabiwa, tena nimepata wakati wa kufikiri kabla ya kusema.

Lawama zote nisiwatwike walimu, maana sisi wanafunzi nasi tuna letu. Kuuliza si ujinga, methali hiyo tumeiandika insha tangu darasa la nne, lakini darasani anayeuliza anachekwa na kuitwa sifa. Mtandaoni ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu swali lako linabaki limeandikwa na kila mtu analipiga picha. Desemba kuna mvulana aliyeuliza lahaja ni nini, akatumiwa vikatuni vya kicheko kumi na vitatu. Nilivihesabu, kimoja kilikuwa changu. Hakuandika tena likizo yote, na mtihani wa Februari swali la lahaja lilimtoa jasho. Sijamwomba radhi, labda akisoma hapa.

Basi likizo ya Aprili inakuja, na nasikia tutasoma Fasihi Simulizi kwa njia ile ile. Ombi langu kwa mlezi wa chama ni mawili tu. Tugawe watu sita sita ili mtu asijifiche nyuma ya "nakubaliana nawe", na kila kundi lipate neno la mwalimu angalau mara moja kwa wiki, liwe la kuturekebisha, lisiwe la kutupongeza. Mimi swali langu la kwanza ninalo tayari: nyanya amenisimulia ngano ambayo zimwi ndilo linalookoa kijiji, na kitabu chetu kinasema zimwi huwa baya siku zote. Nani amekosea, nyanya au kitabu?