Je, Unukuzi ni Kunukuu Tu?

Wanaisimu wengi tumeipokea istilahi 'unukuzi', yaani hatua ambapo seli hutoa nakala ya RNA kutokana na jeni, pasipo kuihoji. Binafsi naona inatupotosha. Anayenukuu hukiacha kitabu jinsi alivyokikuta. Seli haifanyi hivyo.

Katika seli moja ya binadamu mna takriban mita 2 za DNA, nazo sharti zienee ndani ya kiini kisichoonekana kwa macho. Hila yake ni kuuzungusha uzi huo kwenye protini ziitwazo histoni. Histoni 8, mbilimbili za H2A, H2B, H3 na H4, hushikana mfano wa kigurudumu cha uzi wa cherehani, na jozi za besi zipatazo 147 hukizunguka mara moja na zaidi ya nusu. Roger Kornberg aliueleza mpangilio huu mwaka 1974.

Aghalabu tunaambiwa kwamba ufungashaji huo hulegezwa kwanza ndipo jeni isomwe. Huo ni ukweli nusu, kwani kusoma kwenyewe nako huugeuza ufungashaji. Penyeza kijiti kati ya nyuzi za kamba iliyosokotwa, kisha ukisukume: kamba hukaza mbele ya kijiti, nyuma ikabaki legevu. Ndivyo polimeresi, kimeng'enya kinachonukuu, inavyoitenda DNA, kama walivyofafanua Liu na Wang mwaka 1987. Mkazo wa mbele husaidia kuzibandua histoni. Ulegevu wa nyuma huzirahisishia kurejea. H2A na H2B ndizo hung'oka kwa wepesi zaidi, na zipo protini maalumu za kuzidaka na kuzirudisha. Katika jeni zinazosomwa mno, hata H3 huondoka, nafasi yake ikatwaliwa na nduguye H3.3. Ajabu zaidi ni hamira: kimeng'enya Set2 huandamana na polimeresi kikitia alama za methili juu ya H3, na alama hizo huvielekeza vimeng'enya vingine kuukaza upya ufungashaji. Zikikosekana, unukuzi huanzia katikati ya jeni, mahali pasipostahili.

Kosa la istilahi si letu kwa asili. Tumelirithi kutoka Kiingereza kwa kutafsiri neno badala ya kulitazama tendo. Sipendekezi 'unukuzi' lifutwe, maana limekwisha kuzoeleka. Ila tunapoifundisha dhana hii, mbona tusiitumie kauli ya kutendua? Kunja na kunjua, funga na fungua, fuma na fumua: kwa irabu moja tu Kiswahili hutenda na kutendua jambo lilelile. Polimeresi hufumua mbele, na nyuma yake histoni hufumwa tena. Kwa hiyo 'ufumuaji' na 'ufumaji' vingesimama kando ya 'unukuzi', na mwanafunzi angeuona mwendo wote.

Sisi huirudia kauli hiyo kila muhula kwa mifano ya milango na nguo. Mwenzetu wa biolojia, aliye ng'ambo ya ua, bado anaifafanua kromatini kwa Kiingereza, wala hatujavuka kumwonyesha tulicho nacho.