Nani Kasema Kaskazini ni Tupu?

Waandishi wenzangu, leo nina ugomvi nanyi na sitauzungusha. Hadithi zenu za mapenzi nazisoma kabla hazijapelekwa kwa mhariri. Wapendanao wakipata likizo wanakwenda wapi? Mombasa. Wakikosa Mombasa, Naivasha. Wakipata chapaa za ghafla, Paris, ambako mwandishi mwenyewe hajafika hata ndotoni. Lakini mhusika akikosana na mkubwa wake kazini, hapo ndipo mnakumbuka Marsabit. Anapewa uhamisho, anapanda lori akilia, na kuanzia hapo ukurasa mzima ni vumbi, jua na neno moja: tupu. Jangwa tupu, nyika tupu, maisha matupu.

Neno hilo ndilo ninalotaka kulipiga vita.

Msidhani ni neno la hivi hivi. Serikali ya kikoloni iliifunga Kaskazini kwa sheria ya mwaka 1902, na mtu wa nje hakuruhusiwa kuingia bila kibali. Uhuru ulipokuja, Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965 ukasema fedha za maendeleo ziende kule zitakakozaa zaidi, yaani kwenye mvua na reli. Kaskazini ikaambiwa ingoje. Lami ya kutoka Isiolo hadi Moyale ilikamilika katika miaka ya 2010, nusu karne baada ya bendera kupandishwa! Mnaona mchezo? Mmoja anaandika kwamba mahali ni patupu, mwingine anapaacha vivyo hivyo, na hakuna wa kumuuliza. Patupu pana haja gani ya daktari?

Eti hadithi ya wapenzi wawili jangwani haiuziki? Jamani, imeuzwa zamani. Martin na Osa Johnson, mtu na mkewe kutoka Kansas, Marekani, waliivuka nyika ile kwa magari mwaka 1924, wakapiga kambi juu ya mlima Marsabit, kando ya ziwa lililo ndani ya kreta. Walikaa hadi 1927 wakipiga filamu za wanyama, George Eastman, tajiri wa Kodak, akiwa mmoja wa waliowatolea fedha. Ziwa wakaliita Paradise. Mwaka 1941 Osa akatoa kitabu juu ya maisha hayo, Four Years in Paradise. Sasa nisikilizeni. Katika safari yao ya kwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1920, mtu aliyewaongoza alikuwa mfuata nyayo za ndovu ambaye wao walimwandika kwa jina la Boculy. Huyo alilijua ziwa kabla yao. Yeye aliliitaje? Alimpenda nani? Jioni akirudi kwao alisimulia nini juu ya wale wageni wawili na masanduku yao? Riwaya hiyo iko wapi? Osa aliandika ya kwake, sina neno naye. Ya Boculy ilikuwa deni letu.

Mwaka jana mimi na mchumba wangu tulifunga safari tukajionee. Si kwamba tuna hela. Tuliazima Probox ya shemeji, tukabeba mkate, maji na blanketi moja. Katika Mbuga ya Kitaifa ya Marsabit tulikuta ukungu na miti yenye ndevu za kuvu. Mlima ule unanasa unyevu wa upepo, ukaota msitu katikati ya nchi kavu. Mchumba akatetemeka kwa baridi, akanicheka: "Hili ndilo jangwa lenu la vitabuni?" Ni msitu huo alimoishi Ahmed, ndovu wa pembe ndefu aliyewekewa ulinzi kwa amri ya Rais Kenyatta hadi alipokufa mwaka 1974. Leo sanamu yake imesimama kwenye makumbusho ya Nairobi. Ndovu ana sanamu. Binadamu wa mlima uleule hana hata riwaya moja kwenye kabati langu.

Karibu na mji, huko Ulanula, wanaume husimama kisimani mmoja juu ya mwingine, wakipandishiana ndoo kwa wimbo, na kila kundi la mifugo lina zamu yake. Kutoka Marsabit tulidandia lori la bidhaa hadi North Horr, tukavuka Chalbi, nchi ya Wagabra. Hao huita miaka yao kwa majina ya siku za juma, kwa hiyo mtu anaweza kuzaliwa mwaka wa Jumatatu. Wewe mshairi unayelalamika umeishiwa na tamathali, hilo huwezi kulifanyia kazi?

Pesa zilituishia North Horr, Sibiloi hatukufika. Lakini Sibiloi ndiyo ushahidi wangu mkubwa. Huko Koobi Fora, mwaka 1972, Bernard Ngeneo aliokota vipande vya fuvu la binadamu wa kale linalojulikana duniani kwa namba 1470. Mwaka uliofuata mahali pale pakawa mbuga ya kitaifa, na malisho ya Wadaasanach yakajikuta ndani ya mpaka. Watu wameishi huko tangu binadamu hajawa binadamu, nasi tunaandika kwamba hapana mtu!

Wala sisemi tulifute neno "tupu" tuandike "pepo". Pepo ni tupu iliyopakwa manukato. Nayo haina wenyeji. Kati ya 2020 na 2023 mvua ziligoma misimu mitano mfululizo, mifugo ikafa mbele ya wenyewe. Kusini mwa Ziwa Turkana kuna mitambo 365 ya umeme wa upepo, na mwaka 2014 wenyeji walikwenda mahakamani kuuliza ardhi yao ilitolewa vipi. Wapendanao wanaishi humo humo. Wanachumbiana, wanagombana juu ya mahari ya ngamia wakati ngamia wamekwisha. Hiyo ni hadithi, bwana, na Paris haiwezi kutuandikia.

Najua mtakalosema: nauli hatuna. Sawa. Eastleigh mnafika kwa matatu. Ingia hotelini, agiza chai ya maziwa ya ngamia, kaa na mtu wa Marsabit au Moyale, ufunge mdomo umsikilize. Mwulize kijiji chao kinaitwaje, na kwa nini. Mwulize baba yake alimwoaje mama yake. Hapo utakuwa umepata sura ya kwanza.

Mimi ni mtu wa kidato cha nne tu, riwaya yangu bado iko kwenye daftari. Lakini kuanzia sasa, atakayeniletea mswada wenye "jangwa tupu" nitaurudisha bila kuusoma ukurasa wa pili. Kama ni uvivu, uitwe uvivu, usisingiziwe mchanga.