Nanga ya Buhaya Isiuzwe Butura

Wasomaji wetu wa Izigo, na wa Bukoba na Muleba kwa jumla, hawana haja ya kuelezwa butura ni nini. Ni kuuza kahawa ingali ua mtini kwa kuwa mtoto anadaiwa ada au mgonjwa yuko hospitali, na msimu ukifika anayevuna faida ni yule aliyekuja na fedha mkononi. Serikali imeipiga vita biashara hiyo, na vyama vya ushirika viliundwa tangu siku za ukoloni ili mkulima asimame sokoni na mzigo wake mwenyewe. Lakini iko butura nyingine isiyosemwa sana, nayo ni ya nyimbo.

Kwa miaka mingi mwimbaji wa nchi hii hakuwa na njia ya kuwafikia wasikilizaji ila kwa kupitia mlango wa mtu mwingine. Siti binti Saad ilimlazimu mwaka 1928 avuke bahari mpaka Bombay ndipo sauti yake iingie katika sahani za santuri. Baadaye zikaja kanda, na wasambazaji wachache wa Kariakoo wakawa ndio waamuzi wa kanda ipi ifike mikoani na ipi isifike. Msanii aliuza kazi yake mara moja, akapewa fedha taslimu, akaenda zake. Kanda ikinakiliwa maelfu kwa maelfu yeye hana habari. Kama hiyo si butura, sisi hatujui jina lake.

Hatusemi kwamba kanda haikufanya jema lolote. Saida Karoli, binti wa Bukoba, alivuma mwaka 2001 kwa wimbo wa Maria Salome, ambao wengi waujua kwa jina la Chambua Kama Karanga, na watu wasiojua neno moja la Kihaya wakacheza mpaka jasho likawatoka. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny wakauvika wimbo huo nguo mpya, ukaenda duniani kwa njia ya YouTube. Lakini Saida alikuwa mmoja. Mlango ule ulipitisha mmoja na kuwaacha wengi nje.

Mfikirieni mpiga nanga. Masimulizi yake ya mashujaa, ya kina Rukiza na Mugasha, hayaishi kwa dakika tatu. Redio haina nafasi ya kumkalisha mzee saa nzima, tena masharti ya utangazaji huzitaka redio zetu zitumie Kiswahili au Kiingereza. Kwa sharti hilo hatuna ugomvi, maana Kiswahili ndicho kilichotufanya taifa moja, na hatutaki kurudi nyuma. Lakini umoja wetu si dhaifu kiasi cha kuogopa uzi wa nanga. Mtandao hauna saa ya kumkatiza mzee. Tena wasikilizaji wake wametawanyika: hamsini wako Mwanza, mia wako Dar es Salaam, wengine Kampala, wengine London wanaosomesha watoto wasioijua lugha ya bibi yao. Hakuna mfanyabiashara ambaye angewapelekea kanda watu kumi kumi. Simu huwakusanya pamoja bila nauli.

Mwaka 1950 Mwingereza Hugh Tracey alipita Tanganyika akinasa ngoma na nyimbo za watu wetu, nanga ya Wahaya ikiwamo. Kazi hizo zimehifadhiwa Makhanda, Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954. Twashukuru kwamba hazikupotea. Hata hivyo hatupendi kijana wa Izigo aitafute sauti ya wazee wake katika ghala la ng'ambo, ilhali wapigaji wako hai na simu iko mfukoni mwake.

Wako wanaodhani kwamba mtandao umemaliza ulanguzi. La. YouTube haigawi fedha za matangazo kwa mtu mpaka awe na wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa katika mwaka. Spotify, iliyofika Tanzania mwaka 2021, tangu mwaka 2024 hailipi chochote kwa wimbo usiosikilizwa mara 1,000 katika miezi kumi na miwili. Mzee ambaye wimbo wake husikilizwa mara mia nane kwa mwaka basi hapati kitu huko, hata kama wanaomsikiliza wampenda kweli. Faida yake ya kwanza ni kujulikana, aalikwe arusini na penginepo, alipwe mkononi.

Na hapo ndipo penye hatari. Kijana mwenye kamera akija, akamnasa mzee, akaifungua akaunti kwa jina lake yeye kijana na kuishika nywila peke yake, mzee ameuza ua mtini. Siku fedha zikianza kuingia, zitamfikia mwenye nywila, na mzee ataletewa soda.

Sisi twasema vikundi vya ngoma vifanye kama wakulima wa kahawa walivyofanya. Akaunti iwe ya kikundi, mgawanyo uandikwe na kutiwa saini, nyimbo ziandikishwe COSOTA. Nayo Serikali iwatazame watu wadogo kwa jicho la huruma. Kanuni za mwaka 2018 zilimtaka hata mwenye blogu alipe leseni ya shilingi 1,000,000 kwa mwaka. Zikarekebishwa mwaka 2020 na tena mwaka 2022. Yafaa kila rekebisho litanguliwe na swali moja: je, mtu wa kijijini anaweza?

Maafisa utamaduni wa Bukoba na Muleba wana pikipiki na wana simu. Waanze na wapiga nanga walio wazee zaidi, nao waende kabla ya mavuno ya kahawa, maana msimu ukifika hawatamkuta mtu nyumbani.