Uyoga wa msimu wa mvua: usisubiri siku ya tatu

Mvua ya masika inapoanza kunyesha Uasin Gishu, kati ya Machi na Aprili, kingo za mito hujaa watu. Hapa Chepkoilel vijana hushika ndoana na kuelekea kinamasi cha Marura, nao akina mama na watoto huokota uyoga kwenye vichuguu. Sina ugomvi na desturi hiyo. Samaki na uyoga ni vyakula bora, almuradi samaki apikwe akaiva, na yule aliyekutwa akielea amekufa aachwe huko huko mtoni.

Ninalopinga ni imani tunazotegemea kupambanua uyoga mzuri na mbaya. Wako wanaosema kwamba uyoga wenye sumu hugeuza kijiko cha fedha kuwa cheusi. Wengine husema ukiwa na funza ni salama, au kwamba sumu huisha maji ya kuchemshia yakimwagwa. Yote haya si kweli. Wako wadudu wanaozaliana ndani ya uyoga unaoweza kumuua binadamu. Na sumu iitwayo amatoksini, iliyomo katika baadhi ya uyoga wa jamii ya Amanita, haiharibiwi na moto wala kwa kukaushwa.

Simdharau mzee anayejua uyoga wa kwao. Maarifa yake ni ya kweli, lakini ni ya mahali pake. Mtu aliyelelewa Kakamega akahamia Eldoret anaweza kukuta uyoga unaofanana na wa kwao kumbe ni mwingine kabisa. Isitoshe, miti ya kigeni husafiri na kuvu kwenye mizizi yake. Hivyo ndivyo Amanita phalloides, uyoga wa Ulaya, ulivyofika Afrika Kusini na Australia. Ndio uliotumiwa kuwaua watu watatu mjini Leongatha, Australia, mwaka 2023. Walikula mchana, wakaanza kuugua usiku.

Kuchelewa huko ndiko hatari yenyewe. Uyoga mwingi unaochafua tumbo huanza kutapisha katika saa chache za mwanzo. Ule wa amatoksini hukaa kimya kwa saa 6 hadi 24, kisha huja matapishi na kuhara. Siku ya pili au ya tatu mgonjwa hupata nafuu, familia ikamshukuru Mungu, kumbe ini linaendelea kuharibika. Macho yanapogeuka manjano, daktari huwa na machache ya kufanya.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, ukitapika baada ya kula uyoga wa porini, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata ukihisi umepona. Waende wote waliokula sahani moja. Beba uyoga uliobaki ndani ya karatasi. Usikae nyumbani ukinywa maziwa au mitishamba.

Wenye mamlaka nao wasikae kimya. Chuo Kikuu cha Eldoret kiko papa hapa Chepkoilel. Kabla ya kila masika, wataalamu wake na maafisa wa afya ya umma wangefika kwenye baraza za machifu na shuleni, wakaonyesha picha za uyoga wa eneo hili. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kumlaza hospitalini mtoto mmoja ambaye ini lake limeharibika.

Hadi hilo lifanyike, uyoga usioujua kwa hakika uache ulipo. Wa kupandwa unauzwa sokoni.