Karatasi Haitoshi kwa Kifua cha Mchimbaji

Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu au Rwamagasa anayepewa rufaa kwenda Bugando, Mwanza, husafiri na bahasha ya vipimo mkononi. Ikiwa ndani yake mna picha ya eksrei ya kifua iliyochapwa kwenye karatasi ya kawaida, daktari atakayeipokea hana budi kutambua kwamba sehemu kubwa ya picha hiyo imebaki ilikotoka.

Sababu yake imo katika printa. Printa ya kawaida ya leza isiyo ya rangi haina wino wa kijivu: ina weusi tu, na weupe ni wa karatasi. Ili kuonyesha kijivu, hutawanya nukta nyeusi ndogo mno, na jicho huzichanganya likadhani limeona rangi moja. Printa ya nukta 600 kwa inchi, ikizipanga katika miraba ya nukta 8 kwa 8, hupata ngazi 65 tu kati ya weupe na weusi. Hata hizo zina gharama, kwani inchi nzima hubaki na miraba 75, kila mmoja ukiwa na upana wa takriban milimita 0.34. Mashine ya eksrei ya kidijitali ya biti 12 hutofautisha ngazi 4,096.

Hasara hiyo humwangukia mgonjwa. Vumbi la silika litokalo kwenye maduara na makarasha husababisha vinundu mapafuni, na kundi dogo kabisa katika uainishaji wa Shirika la Kazi Duniani ni la vivuli visivyozidi milimita 1.5. Picha ya sentimita 35 kwa 43 ikibanwa kwenye karatasi ya A4, kinundu cha kipimo hicho huwa chini ya milimita moja. Hakifikii upana wa miraba mitatu ya printa. Chaweza kupotea kabisa, au chembechembe za printa zenyewe zikadhaniwa ugonjwa. Kosa la kwanza humrudisha mtu vumbini. La pili laweza kumtwisha dawa asizozihitaji.

Itasemwa kwamba filamu ni ghali. Ni kweli, na karatasi yafaa kumwelezea mgonjwa hali yake. Lakini pale ambapo eksrei ni ya kidijitali, faili halisi tayari limo kwenye kompyuta, na kulinakili kwenye CD au flashi hakuhitaji filamu. Kila rufaa ya kifua iambatane na faili hilo pamoja na taarifa ya mtaalamu wa radiolojia, na kila karatasi iandikwe: “Si ya kutambulia ugonjwa.” Kuipiga karatasi hiyo picha kwa simu na kuituma mbele huzidisha upotevu.

Mgonjwa naye aulize bila kuona haya: “Faili lenyewe liko wapi?” Silikosisi haina tiba, nayo huongeza hatari ya kifua kikuu. Kifua kikuu hutibika, mradi kigunduliwe mapema.