Arusi ya Lamu na Nyanya wa Wundanyi

Siku hizi imezuka desturi mpya miongoni mwa vijana wetu wa mijini. Kijana akishapata mchumba, hatafuti tena kanisa la kijijini wala uwanja wa nyumbani kwao. Hutafuta mahali penye sura: ufuo, mlima au mji wa kale. Wengi huitaja Lamu. Jambo hili limebisha hodi hata mlangoni kwangu, ndiyo maana nalileta mbele yenu, wasomaji wapenzi.

Mpwa wangu, ambaye hufanya kazi Nairobi, alinijia akanionyesha picha za Shela: mchanga, majahazi na nyumba nyeupe. "Mjomba," akasema, "tutafungia ndoa hapa."

Nikamwuliza habari za mama yangu, yaani nyanya yake, aliyeko Wundanyi na ambaye magoti yamemlemea. Kutoka huko hadi Lamu ni kuteremka Voi, kwenda Mombasa, kupita Malindi na Garsen mpaka Mokowe, kisha kupanda mashua. Akanyamaza kidogo, halafu akajibu: "Nikifanyia nyumbani, mjomba, watakuja watu mia sita. Lamu watakuja thelathini."

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Tusiwalaumu vijana bure. Sisi wazee ndio tulioigeuza arusi kuwa kamati: mwenyekiti, mweka hazina, mikutano ya michango isiyokwisha, na watu wasiomjua hata bibi arusi wakidai sahani ya pilau. Kijana anayekimbilia kisiwani anakimbia deni. Kwa hesabu ya shilingi, pengine hajakosea.

Lakini hebu tuitazame Lamu yenyewe. Mji ule uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, nao ni mji ambao watu wangali wakiishi ndani yake. Nyumba zake za mawe ya matumbawe na boriti za mikoko hazikujengwa ziwe mapambo. Zamani muungwana wa Lamu alipomwoza binti yake alimpa nyumba. Pengine alimjengea orofa juu ya nyumba yake mwenyewe, au ng'ambo ya kichochoro, na kuziunganisha nyumba mbili kwa wikio, yaani daraja la juu, ili binti asiwe mbali na mama yake. Bwana arusi ndiye aliyehamia. Wanawake walipiga vugo, wanaume wakacheza kirumbizi, na katika arusi za wakubwa ikapulizwa siwa.

Basi, uzuri tunaokwenda kuupiga picha ulijengwa na watu waliooana kwao, mbele ya jamaa na majirani. Anayetaka kweli kuiga Lamu na afungie ndoa Wundanyi, nyanya akiwa ameketi mstari wa mbele na kilele cha Vuria kikiwa mbele ya macho. Au je, milima ya Taita haina sura?

Sisemi kwamba Lamu isipokee wageni. La hasha! Manahodha, wapishi na wapaka hina wanahitaji riziki. Ila anayekwenda akumbuke kwamba ameingia nyumbani kwa watu. Ule ni mji wa Kiislamu, wenye heshima zake za mavazi na vinywaji. Vilima vya mchanga vya Shela, tunavyovipenda kwa picha, ndivyo vinavyohifadhi maji ya mvua ambayo mji wa Lamu hunywa. Tena asisahau sheria: kwa ndoa ya serikali, Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inataka taarifa itolewe si chini ya siku 21 kabla. Ufuo mzuri haumwondolei mtu wajibu huo.

Ushauri niliompa mpwa wangu ni huu: afunge ndoa kwao, na watu hao hao thelathini, bila kamati, kisha waende Lamu wawili kwa fungate. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa, na mwenye kutuza ni yule aliyekujua ungali mtoto.

Hajanijibu. Amesema tu kwamba atampigia nyanya simu kwanza. Nami nimeridhika kungoja, maana katika picha zote alizonionyesha, hilo ndilo jambo ambalo halikuwamo.