Maryland: Uhuru wa Dini Uliotegemea Hisani

Koloni la Maryland lilianzishwa na ukoo wa Kikatoliki kutoka Uingereza, nchi ambayo siku zile ilimtoza faini Mkatoliki aliyesikiliza misa. George Calvert, mtumishi mkubwa wa mfalme, alijitangaza kuwa Mkatoliki mwaka 1625 na kuacha cheo chake. Alifariki Aprili 1632, na miezi miwili baadaye Mfalme Charles wa Kwanza akampa mwanawe Cecil hati ya kumiliki ardhi kando ya Ghuba ya Chesapeake. Wenyeji wa ardhi hiyo hawakuulizwa, ingawa walowezi walipofika waliwalipa Wayaocomico nguo, mashoka na majembe ili wawaachie kijiji.

Meli mbili, Ark na Dove, ziliwasili Machi 1634, na tarehe 25 Mjesuiti Andrew White akasoma misa katika kisiwa cha St. Clement's. Wengi wa abiria walikuwa Waprotestanti. Cecil alikuwa amewaagiza Wakatoliki wasali faraghani na wasibishane na mtu kuhusu dini.

Agizo hilo halikuwa maneno matupu. Mwaka 1638 William Lewis, msimamizi wa shamba la Wajesuiti, aliwatukana watumishi wa Kiprotestanti waliokuwa wakisoma kitabu cha mahubiri ya madhehebu yao. Mahakama iliyoongozwa na Wakatoliki ikamtoza ratili 500 za tumbaku, zao lililotumika kama fedha. Mwaka 1642 Thomas Gerard, Mkatoliki mwenye mali, alichukua ufunguo na vitabu vya kanisa la Waprotestanti. Naye akatozwa kiasi hichohicho. Watawala wa leo wanaosita kumwadhibu mtu wa dini yao na wajifunze kwa mahakimu wale.

Aprili 1649, Wapuritani wakiwa wameshika Uingereza na mfalme amekwisha kukatwa kichwa, baraza la Maryland lilipitisha Sheria Kuhusu Dini. Aliyemwita mwenzake mzushi, Mpuritani au Mjesuiti kwa kumdhihaki alilipa shilingi 10: nusu kwa aliyetukanwa, nusu kwa mmiliki wa koloni. Asiye na mali alichapwa viboko hadharani na kufungwa mpaka aombe radhi mbele ya watu. Lakini sheria hiyohiyo iliweka adhabu ya kifo kwa mwenye kukana Utatu Mtakatifu. Mwaka 1658 tabibu Myahudi, Jacob Lumbrozo, alishtakiwa chini yake kwa majibu aliyoyatoa alipohojiwa juu ya Yesu, na kilichomwokoa ni msamaha wa jumla. Anayeisifu sheria hii kuwa chimbuko la uhuru wa dini Marekani asimsahau tabibu huyo.

Wapuritani waliosumbuliwa Virginia walikaribishwa Maryland, wakakaa kando ya Mto Severn. Fadhila za punda ni mateke: mwaka 1654 waliitwaa serikali, wakaifuta sheria iliyowalinda na kuwanyima Wakatoliki ulinzi. Tarehe 25 Machi 1655 walimshinda vitani Gavana William Stone, ambaye mwenyewe alikuwa Mprotestanti, kisha wakawaua mateka wanne. Calvert alirudishiwa koloni baada ya miaka michache, na sheria ikarudi.

Udhaifu wa uhuru huo ulikuwa katika mzizi wake. Ulisimama juu ya hati ya mfalme na hisani ya ukoo mmoja, na kwa hiyo kila upepo wa London uliutikisa. Mwaka 1689, habari za kupinduliwa kwa Mfalme James wa Pili zilipofika, ulienea uvumi kwamba Wakatoliki wamekula njama na wenyeji kuwachinja Waprotestanti. Hakukuwa na njama, lakini John Coode na wenzake waliipindua serikali. Kanisa la Anglikana likafanywa kanisa rasmi mwaka 1692, na kila mlipakodi, Mkatoliki akiwemo, akalitolea ratili 40 za tumbaku. Mwaka 1704 mkuu wa polisi wa wilaya alilifunga kwa kufuli kanisa la matofali la Wakatoliki, mjini St. Mary's, kwa amri ya gavana.

Wasomaji wasidhani kwamba kurudi kwa ukoo wa Calvert kuliponya jeraha. Benedict Calvert alihamia Uanglikana mwaka 1713, na koloni likarudishwa kwa ukoo wake mwaka 1715. Miaka mitatu baadaye, chini ya jina lilelile la Calvert, Wakatoliki walinyimwa haki ya kupiga kura. Mlango wa baraza ulibaki umefungwa kwao mpaka wakati wa mapinduzi ya 1776, ambapo Charles Carroll wa Maryland alikuwa Mkatoliki pekee aliyetia saini Tangazo la Uhuru. Katiba ya jimbo ya mwaka huo ililinda dini ya Wakristo wote. Wayahudi waliruhusiwa kushika nyadhifa za umma mwaka 1826.